Duka la Mmoja, Ununuzi wa Wote: Namna Supamaketi za Mitaani Zinavyoweza Kushirikiana Bila Kupoteza Umiliki

Kabla jua halijachomoza, wenye maduka wa Chamazi, Toangoma na Mbagala Kuu huwa wamekwishashika Barabara ya Kilwa kuelekea Kariakoo. Kila mmoja ana orodha yake mfukoni: sabuni, mafuta ya kula, sukari, unga wa ngano, dawa ya meno, nepi za watoto. Wananunua katika maduka yale yale ya jumla, bidhaa zile zile, siku ile ile. Kisha kila mmoja anakodi kirikuu yake, analipa wapakiaji wake na kurudi peke yake kuja kupanga rafu zake.

Gharama ya safari hiyo haibaki kwa mwenye duka. Huingia katika bei ya kila pakiti na kila kopo, na mwishowe hulipwa na mkazi aliyekwenda kununua kilo moja ya sukari jioni. Makala haya yanaeleza mfumo ambao umetumika katika nchi mbalimbali kupunguza mzigo huo: maduka mengi ya jirani, kila moja likiwa na mmiliki wake, yanayonunua bidhaa kwa pamoja na pengine kutumia jina moja. Yanaeleza pia taratibu ambazo wafanyabiashara wa Manispaa ya Temeke wanapaswa kuzifuata endapo watataka kuungana kwa namna hiyo.

Duka la mtaa na huduma zake

Katika miaka ya karibuni, fremu nyingi za mitaani zimebadilika sura. Dirisha lenye nondo, ambalo mteja alisimama nje yake akaagiza, limeacha nafasi kwa mlango ulio wazi, rafu za chuma, vikapu na meza ya malipo. Mteja huingia, huchagua mwenyewe na hulipa kwa fedha taslimu au kwa lipa namba. Hizi ndizo supamaketi ndogo za mitaa, ambazo wakazi wengi bado huziita kwa jina la zamani la "kwa Mangi", hata pale ambapo mwenyewe si Mchaga.

Duka la namna hii hutoa huduma ambazo duka kubwa la mjini haliwezi kuzitoa kwa urahisi. Lipo hatua chache kutoka nyumbani, hivyo mkazi hahitaji nauli. Hufungwa usiku, wakati watu wamekwisharudi kazini. Huuza kwa kipimo kidogo, kwa sababu kaya nyingi hununua mahitaji ya siku, si ya mwezi. Na mara nyingi mwenye duka ana daftari la madeni, ambamo jirani mwaminifu huandikwa mpaka mshahara au malipo ya kibarua yapatikane. Duka hilo likifungwa, kaya zenye kipato kidogo ndizo za kwanza kuona pengo.

Udhaifu wake ni ununuzi. Duka moja hununua katoni tatu mahali ambapo duka kubwa hununua lori zima, na katika biashara ya jumla bei hutegemea wingi. Mwenye duka mdogo hana sauti ya kudai punguzo, hana ghala la kuhifadhi bidhaa wakati bei iko chini, na siku anapokwenda Kariakoo hulazimika kufunga duka au kumwachia mtu mwingine.

Somo la maduka makubwa yaliyoondoka

Wapo wanaodhani kwamba jawabu ni kusubiri makampuni makubwa yafungue matawi pembezoni mwa jiji. Historia ya karibuni inataka tahadhari. Mwaka 2014 kampuni ya Shoprite ya Afrika Kusini iliyauza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya. Mwaka 2015 Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake nchini. Nakumatt ilielemewa na madeni ya wauzaji waliokuwa wakiipatia bidhaa, na milango yake hapa Dar es Salaam ikafungwa pia. Choppies ya Botswana ilitangaza kujiondoa mwaka 2019, na mwaka 2022 Game ikafunga duka lake la Mlimani City.

Kila kampuni ilikuwa na sababu zake, lakini matokeo kwa mteja yalifanana. Uamuzi ulifanywa katika makao makuu yaliyo nje ya nchi, na matawi yakafungwa au yakauzwa. Wafanyakazi walipoteza ajira, na wazalishaji wa ndani waliokuwa wakipeleka bidhaa huko wakapoteza soko.

Maduka ya wamiliki mbalimbali yaliyoungana hayako hivyo. Mmoja akishindwa, duka lake hufungwa au huuzwa kwa mwingine, na yaliyobaki huendelea. Makao makuu, kama yapo, ni mali ya wenye maduka wenyewe au ya muuzaji wa jumla anayewahudumia.

Mfumo huu ulianzia wapi

Miaka ya 1920 nchini Marekani, makampuni yenye mamia ya maduka yalikuwa yakiwaondoa wenye maduka madogo katika biashara. Mwaka 1926 J. Frank Grimes na wenzake walianzisha muungano wa wauza vyakula wa kujitegemea unaojulikana kwa herufi IGA, ambao makao yake yamekuwa Chicago. Kila mwanachama aliendelea kumiliki duka lake, lakini ununuzi, matangazo na jina vikawa vya pamoja. Muungano huo upo hadi leo.

Mwaka 1932 nchini Uholanzi, muuzaji wa jumla Adriaan van Well alianzisha utaratibu unaofanana na huo. Jina alilolichagua lilitokana na herufi za kwanza za maneno ya Kiholanzi yenye maana kwamba kwa kushirikiana kwa umoja wote hunufaika daima. Baadaye jina hilo lilifupishwa kuwa Spar, na nembo yake ikawa mti wa msonobari. Mwaka 1963 liliingia Afrika Kusini kupitia wauzaji wa jumla waliotaka kuwahudumia wenye maduka madogo waliokuwa wakibanwa na makampuni makubwa. Leo linaonekana katika miji mingi ya kusini mwa Afrika, na kwa kawaida duka lenye bango hilo ni mali ya mfanyabiashara wa mahali hapo.

Ingawa miungano hii hutofautiana, mgawanyo wa mambo hufanana. Vitu vinavyofanywa kwa pamoja ni ununuzi wa jumla, usafirishaji, ghala, jina na matangazo, pamoja na viwango vya usafi na mpangilio. Vinavyobaki mikononi mwa kila mmiliki ni mtaji wake, pango lake, wafanyakazi wake, uamuzi wa kuongeza bidhaa zinazopendwa mtaani kwake, faida yake na hasara yake.

Mfano wa hesabu

Ili kuona faida inatoka wapi, tuchukue mfano wa kubuni wa maduka 10 ya kata mbili zinazopakana. Tuseme kila duka hununua mzigo wa shilingi 600,000 kwa safari moja na kulipa shilingi 25,000 za usafiri. Maduka yote 10 yatakuwa yamelipa shilingi 250,000 kuleta mzigo wa shilingi milioni 6 kutoka soko moja.

Yakikodi lori dogo moja kwa shilingi 100,000, kila duka litalipa shilingi 10,000 na kuokoa shilingi 15,000. Na ikiwa muuzaji wa jumla atakubali kupunguza asilimia 3 kwa kuwa ameuza mzigo mkubwa mara moja, kila duka litaokoa shilingi 18,000 nyingine. Jumla ni shilingi 33,000.

Hata hivyo, ushirikiano nao una gharama. Lazima awepo mtu wa kukusanya maagizo na kutunza hesabu, na mahali salama pa kushushia na kugawia mzigo. Tuseme hayo yanagharimu shilingi 10,000 kwa kila duka kwa safari. Kinachobaki ni shilingi 23,000, yaani karibu asilimia 4 ya thamani ya mzigo.

Asilimia 4 yaweza kuonekana ndogo. Lakini katika bidhaa kama sukari na unga, ambazo faida yake kwa kilo ni ndogo sana, kiasi hicho chaweza kuwa tofauti kati ya kushusha bei na kushindwa kulipa pango. Mfano huu unaonyesha pia kwamba gharama za uendeshaji zikizidi, faida yote hutoweka. Kila kikundi hakina budi kupiga hesabu kwa namba zake halisi kabla ya kuanza.

Tulikotoka

Wazo la maduka kununua kwa pamoja si geni nchini. Mwaka 1962, mara baada ya Uhuru, ilianzishwa COSATA, chombo cha ushirika kilichokusudiwa kuyapatia bidhaa maduka ya vyama vya ushirika. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kazi ya biashara ya jumla na uagizaji ilichukuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, STC, na mwaka 1973 yakaundwa makampuni ya biashara ya mikoa, RTC. Mwaka 1976 ikafuata Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi yabadilishwe kwa maduka ya vijiji na ya ushirika.

Wazee wanakumbuka kilichofuata. Sehemu nyingi maduka binafsi yalifungwa kabla ya yale mapya kuwa tayari, na Serikali ikalazimika kupunguza kasi. Uhaba wa bidhaa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulileta maduka ya kaya na foleni za sukari, sabuni na unga. Hali ilianza kubadilika mwaka 1984, biashara ya uagizaji ilipoanza kulegezwa.

Uhaba ule ulikuwa na sababu nyingi, zikiwemo bei ya mafuta duniani, ukame na Vita vya Kagera. Lakini kuhusu maduka lipo somo mahsusi. Aliyesimama nyuma ya kaunta hakuwa mwenye mali. Bidhaa zilipangwa kutoka juu bila kuangalia mteja wa mtaa alihitaji nini, na hasara haikuwa na mtu wa kuibeba. Katika mfumo unaoelezwa hapa, umoja unatokana na hiari ya wenye maduka, na kila mmoja anaweza kujitoa.

Njia tatu za kuungana kisheria

Wafanyabiashara wanaotaka kuungana wana njia kuu tatu.

Ya kwanza ni kikundi chenye katiba. Ni njia nyepesi kwa kuanzia, hasa kwa kushirikiana usafiri. Kikundi husajiliwa katika Halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Wakazi wafahamu kuwa mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri hutolewa kwa vikundi vya wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Kikundi cha wenye maduka wa makundi mchanganyiko hakiwezi kuomba kama kikundi cha wanawake au cha vijana.

Ya pili ni chama cha ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Hapa kila mwanachama ana kura moja, awe na duka kubwa au dogo, na hesabu za chama hukaguliwa. Afisa Ushirika wa Halmashauri hutoa mwongozo wa kuandaa masharti ya chama na maombi ya usajili.

Ya tatu ni kampuni, ambayo husajiliwa na BRELA. Wenye maduka huwa wanahisa, na kwa kawaida nguvu ya kura hufuata idadi ya hisa. Njia hii inafaa pale wanapotaka kukodi ghala, kukopa benki au kuingia mikataba na viwanda. Iwapo wataamua kutumia jina na nembo moja mabangoni, ni vyema nembo hiyo isajiliwe BRELA kama alama ya biashara, ikiwa mali ya chombo cha pamoja, ili mwanachama anayejitoa asiondoke nayo.

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, kuungana hakuondoi wajibu wa kila duka. Kila eneo la biashara linahitaji leseni yake, na leseni ya biashara ya rejareja hutolewa na Halmashauri kwa mwombaji mwenye namba ya utambulisho wa mlipakodi na uthibitisho wa mahali anapofanyia biashara. Chombo cha pamoja kinachouza bidhaa kwa wanachama wake nacho ni mfanyabiashara, na kinahitaji leseni na namba yake chenyewe. Mauzo yake yanaweza kupanda haraka. Yakifikia shilingi milioni 200 kwa miezi 12, yanaingia katika kiwango cha kusajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Ni busara kuonana na Mamlaka ya Mapato mapema kuliko kungoja kutafutwa.

Mpaka usiovukwa: bei ya kuuzia

Jambo moja linahitaji uangalifu mkubwa. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara wanaoshindana kukubaliana bei. Vilevile inakataza washindani kuungana ili kumsusia mtu fulani. Makosa hayo huangaliwa na Tume ya Ushindani, FCC.

Kwa lugha nyepesi, maduka 10 yakikodi lori moja na kumwomba muuzaji wa jumla punguzo, hayo ni mapatano ya gharama. Lakini wenye maduka hao wakikutana jioni na kuafikiana kwamba hakuna atakayeuza kilo ya sukari chini ya bei fulani, wamevuka mpaka, hata kama wana katiba na muhuri. Kadhalika wakiafikiana kumsusia muuzaji wa jumla kwa sababu anampa bidhaa jirani asiye mwanachama. Kikundi kinachotaka kutangaza ofa ya pamoja au kupanga masharti ya bei kinashauriwa kuiuliza Tume kwanza.

Mpaka huo unamlinda mkazi. Ununuzi wa pamoja unamsaidia pale tu ambapo maduka yanaendelea kushindana: mmoja akipata nafuu ya gharama na kushusha bei, wa mtaa wa pili naye ashushe. Wakiacha kushindana, akiba yote itabaki nyuma ya kaunta.

Umoja huvunjikia wapi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na vikundi vingi vya biashara huvunjika hapo. Mwanachama mmoja huchelewa kulipa sehemu yake, wengine humfidia, na safari inayofuata hakuna anayetaka kutanguliza fedha. Au kiongozi hugawa mzigo kuanzia dukani kwake, na bidhaa adimu huishia huko. Au mwanachama huagiza kwa pamoja bidhaa ngumu tu, huku zile zenye punguzo kubwa akizifuata mwenyewe Kariakoo, na wingi wa ununuzi uliokuwa nguvu ya kundi hupungua.

Kwa hiyo mambo yafuatayo yaandikwe kabla ya safari ya kwanza: fedha hulipwa kabla au baada ya mzigo kufika, nani hutunza hesabu, na nani humkagua, bidhaa zikipungua zinagawiwa kwa uwiano gani, zilizoharibika njiani ni hasara ya nani, na anayetaka kujitoa anatoa taarifa ya muda gani. Ni vyema kuanza na bidhaa chache zinazotoka kila siku, kama sukari, unga, mafuta na sabuni, kisha kuongeza nyingine hesabu zinaponyooka.

Ubora nao ni wa pamoja. Bango likiwa moja, duka moja likiuza bidhaa iliyopita muda au kutumia mizani iliyochezewa, aibu huyafikia maduka yote. Majengo ya kuuzia chakula yapo chini ya usimamizi wa TBS, na mizani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Chama chenye busara huwakagua wanachama wake kabla wakaguzi hawajafika.

Nafasi ya mkazi

Mwaka 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara, ikiwemo ya rejareja, lakini supamaketi ziliachwa nje ya katazo hilo. Kwa hiyo duka la mtaa bado litakutana na washindani wenye mitaji mikubwa, na uwezo wake wa kubaki utategemea gharama zake na imani ya wateja wake.

Mkazi ana sehemu yake. Adai risiti, maana risiti ndiyo ushahidi wake akiuziwa bidhaa mbovu. Asome tarehe ya mwisho wa matumizi. Alinganishe bei kati ya duka na duka, na alipe deni lililo daftarini kwa wakati, kwa sababu fedha hiyo ndiyo inayokwenda kuleta mzigo wa kesho. Akigundua mizani yenye hitilafu au bidhaa iliyopita muda, atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kata.

Wafanyabiashara wanaohitaji maelezo kuhusu leseni wafike kwa Afisa Biashara wa Halmashauri. Kuhusu kuanzisha chama, kwa Afisa Ushirika. Na kuhusu kusajili kikundi, kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yao. Waende na orodha ya wanachama, mahali maduka yalipo, na hesabu ya mizigo waliyonunua katika mwezi uliopita, kwa kuwa ushauri wowote wa maana utaanzia kwenye hesabu hiyo.